Kupiga Picha ni Kimoja, Kuziuza ni Kingine

Kila Siku ya Michezo hukosi kumwona mwenzetu mmoja na kamera ukingoni mwa uwanja. Ukimwuliza, atakujibu, "Hizi nitaziuza kwa mtandao, bwana!" Ndoto hiyo si mbaya. Hebu basi tutazame njia ambayo picha hupitia kabla haijawa pesa.

Wengi wenye uraibu huu hudhani kamera ghali ndiyo hupiga picha nzuri. La hasha! Picha ni mwanga. Jua la saa sita mchana hutia vivuli vyeusi machoni pa mtu. Jua la saa kumi na moja jioni huja kwa upande, likiwa laini, na uso ukaonekana vyema. Ukiwa na pesa kidogo za kuongeza, heri ununue lenzi kuliko kamera mpya. Ile ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, nayo hupitisha mwanga karibu mara kumi ya tundu la f/5.6. (Naam, nambari ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Jambo hili hukanganya wengi mwanzoni.) Hata ndani ya bwalo letu usiku utapata kitu.

Kwa kuhariri, Photoshop iliyotoka mwaka wa 1990 ndiyo maarufu, lakini hulipiwa. GIMP ni ya bure, na kwa kazi ya mwanafunzi inatosha kabisa. Muhimu ni kuhariri nakala, si faili ya asili, kwani picha ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Sasa twende sokoni. Shutterstock, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka wa 2003, hupokea picha kutoka pande zote za dunia na kumgawia mpiga picha sehemu ya mauzo. Mwaka wa 2020 ilibadilisha viwango vyake, na kile cha chini kabisa kikawa senti 10 za dola kwa kila mauzo. Piga hesabu: kwa kiwango hicho, dola 10 ni mauzo 100!

Lakini si senti zinazonitia wasiwasi, ni nyuso. Picha ya mwenzako akiruka juu yaweza kuishia kwenye tangazo la dawa ya chunusi katika nchi asiyoijua. Ndiyo maana, kwa picha za matangazo, makampuni haya hudai fomu ya idhini yenye sahihi ya kila anayetambulika pichani. Aliye chini ya miaka 18 hutiliwa sahihi na mzazi au mlezi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo yataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Kwa hivyo kumwambia mtoto wa kidato cha kwanza, "Si ulitabasamu?" hakutoshi.

Tupige nini basi? Mafungu ya nyanya sokoni, majani ya chai baada ya mvua, mawingu. Hayo hayana mzazi wa kutafutwa, ila nembo ya kampuni ikionekana kwenye gunia, ifutwe kwanza. Akaunti yenyewe pia haifunguliwi na aliye chini ya miaka 18, hivyo kwa wengi wetu picha zitangoja kwenye diski, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.