Daftari la beti za ndugu

Kwenye kabati za nyumba nyingi za Ujerumani na Uholanzi, katikati ya vyeti vya ubatizo na picha za harusi, hukaa daftari dogo ambalo mwenyewe aliandika ukurasa wa kwanza tu, pengine hata huo hakuuandika. Kurasa zilizobaki ni za wengine: mama, baba, bibi wa upande huu na wa upande ule, shangazi, mwalimu, rafiki wa dawati moja. Kila mmoja aliweka ubeti wake, akatia jina, mahali na tarehe, akalirudisha. Wajerumani huliita Poesiealbum. Familia za Waswahili zilizohamia huko hulifahamu siku mtoto anapotoa kwenye mkoba wa shule la mwenzake, huku akiulizia kalamu nzuri iko wapi.

Asili yake haikuwa ya kitoto hata kidogo. Katika miaka ya 1540, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wittenberg waliwafuata akina Martin Luther na Philipp Melanchthon wawaandikie mstari wa Biblia au neno la hekima, na saini chini yake. Mwanafunzi wa zama zile alihama chuo hadi chuo. Akifika mji mgeni alilifungua daftari lake, na mwenyeji akaona ni wakubwa gani waliokwisha kumpokea. Adabu nayo ilikuwepo: mtu wa kawaida hakujitia kwenye kurasa za mbele, ambazo ziliachiwa wenye vyeo.

Wapo waliolifanya kazi ya maisha. Philipp Hainhofer wa Augsburg, mfanyabiashara na wakala wa vitu vya sanaa, alikusanya saini za wafalme na watawala, nyingi zikiwa zimezungukwa na michoro ya gharama kubwa. Hainhofer alipofariki mwaka 1647, Duke August wa Wolfenbüttel alitaka kulinunua daftari hilo akalikosa. Maktaba yenye jina la Duke huyo ililipata mwaka 2020, kwa euro milioni 2.8. Hiyo ndiyo subira.

Karne ya 19 wanaume wakaanza kuliacha, wasichana wakalishika, na hapo ndipo likaingia jikoni na sebuleni, mikononi mwa ndugu. Uchapaji wa rangi ulikuwa umeshuka bei, hivyo maduka yakauza picha za kubandika: malaika, mawaridi, vikapu vya maua, mikono miwili iliyoshikana. Desturi ikajipanga. Ubeti hukaa ukurasa wa kulia, picha kushoto. Mwandishi huchora mistari kwa penseli, huandika kwa wino, kisha huifuta mistari taratibu asije akachafua. Wengine hukunja pembe ya karatasi na kuficha chini yake neno la utani. Ukilishika la zamani, mara nyingi utaiona mistari ile ya penseli bado, maana mtoto hakuwa na subira ya kufuta.

Na beti zenyewe? Nyingi ni za kukopa, na hakuna aliyeona haya. Ubeti uleule wa mawaridi ulizunguka darasa zima, ukavuka hadi binamu wa kijiji cha pili. Anayelirithi daftari akitafuta ushairi mkubwa atasikitika bure. Utajiri uko chini ya ushairi, pale penye jina na tarehe.

Tarehe 28 Machi 1942, mjini Amsterdam, Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, aliandika beti mbili za mistari minne minne kwa ajili ya dada mkubwa wa rafiki yake Jacqueline van Maarsen. Alikuwa na miaka 12. Mistari minne ya kwanza ilikwisha kuchapishwa katika gazeti miaka kadhaa kabla. Julai mwaka uleule familia yake ikajificha isikamatwe na Wanazi. Karatasi hiyo iliuzwa kwenye mnada mjini Haarlem, Novemba 2016, kwa euro 140,000, na aliyeinunua hakulipia vina.

Tatizo la warithi wengi huwa ni kusoma. Shule za Prussia zilianza kufundisha mwandiko wa Sütterlin, ambao herufi zake hazifanani na za leo, mwaka 1915. Mwaka 1941 serikali ya Kinazi ikaufuta shuleni pamoja na ndugu zake wa zamani. Mjukuu anayezungumza Kijerumani safi huushika ukurasa wa bibi yake na kushindwa hata na salamu. Watu wa pwani yetu wanaujua mtihani huo. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, zama ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na leo vijukuu wengi wa Lamu na Unguja, achilia mbali wa Muscat na London, wanahitaji msaada kusoma karatasi za wazee wao.

Waliosoma sekondari Afrika Mashariki miaka ya 1980 na 1990 watakumbuka daftari la otografu lililozunguka mwisho wa kidato cha nne. Lile lilikuwa la marafiki zaidi kuliko ukoo. Huko Ujerumani nako, siku hizi watoto wengi huleta kitabu kilichokwisha kuchapwa maswali: rangi ya macho, chakula unachokipenda, ukikua utakuwa nani. Kinajazwa haraka, na hakina pa kuweka ubeti.

Mzazi Mswahili anayetaka kumwekea mwanawe la nyumbani ana kifaa kinachofaa kuliko mawaridi ya kukopa. Ubeti wa utenzi, mistari minne ya mizani minane, unaenea vizuri kwenye ukurasa mdogo. Mistari mitatu ya kwanza ina kina chake, na kina cha mstari wa nne hurudi kila ubeti. Kwa hiyo mama akianza, shangazi wa Tanga ataandika wa pili kwa kina kilekile cha mwisho, babu wa Mombasa wa tatu, na daftari zima likawa utenzi mmoja wenye watunzi wengi, kila mmoja na mji wake na tarehe yake chini.