Kiingereza cha zamani kwenye karatasi za nyumba, korti na uraia



Mwaka jana mama mmoja alikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa apatimenti yake. Mwanawe wa darasa la nane akamsomea. Mengi aliyaelewa: jina la mama, anwani, tarehe. Lakini juu kulikuwa na maneno mawili ambayo hajawahi kuyasikia shuleni: "forcible detainer". Akayatia kwenye simu, na simu ikamjibu kitu kama "kuzuiliwa kwa nguvu".

Mama aliyekimbia Fizi akaishi miaka Nyarugusu hahitaji maelezo zaidi akisikia maneno hayo. Usiku ule alifunga nguo za watoto, akaenda kulala kwa dada yake upande wa pili wa mji. Siku ya kesi hakuonekana kortini, na hakimu akaamua bila yeye. Deni lenyewe lilikuwa kodi ya mwezi mmoja, na nusu ya pesa alikuwa nayo.

Nami nakiri: nimesoma chuo hapa hapa Marekani, lakini siku aliponiletea karatasi ile ilibidi nitafute maana. Hicho si Kiingereza cha kazini wala cha dukani. Wamarekani wengi waliozaliwa hapa nao hawakijui. Kwa hiyo usione aibu kuuliza.

"Detainer" hapa si kumkamata mtu. Ni kushikilia mali ambayo mwingine anadai irudi kwake. "Forcible" maana yake ni "kwa nguvu", na limebaki tangu zamani sana, wakati watu wa Uingereza walipokuwa wakivamia nyumba na mashamba ya wenzao. Sheria ya kukataza uvamizi huo ilitungwa kule mwaka 1381. Nguvu zimeondoka, jina limebaki. Leo katika jimbo la Kentucky "forcible detainer" ni jina la kesi ya kumtoa mpangaji ndani ya nyumba, hata kama mpangaji huyo ni bibi mpole ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti.

Mambo huenda hivi hapa Louisville. Kama kodi haijalipwa, mwenye nyumba anapaswa kwanza kukupa notisi ya maandishi ya siku 7. Ukilipa yote ndani ya siku hizo, mkataba wako unaendelea. Usipolipa, anaweza kwenda Jefferson District Court, na korti itakuletea "summons", yaani wito: njoo siku fulani, saa fulani, chumba fulani, kwenye jengo la Hall of Justice katikati ya mji. Wito huo unatakiwa ukufikie angalau siku 3 kabla ya kesi, kwa hiyo muda ni mfupi. Nenda. Hata kama huna pesa, hata kama unajua unadaiwa, nenda. Asiyefika amekwisha kushindwa.

Ukishindwa, karatasi ya hukumu inaweza kuwa na neno lingine la kutisha: "guilty". Mnalijua kutoka kwenye filamu, ni neno la wezi na wauaji. Kwenye kesi ya nyumba Kentucky bado inalitumia, lakini hii si kesi ya jinai na hakuna anayefungwa kwa ajili yake. Maana yake ni kwamba hakimu amempa haki mwenye nyumba. Kuna siku 7 za kukata rufaa. Zikipita, mwenye nyumba anaweza kuomba "warrant". Hiyo nayo si hati ya kukukamata wewe, ni amri ya kuwaruhusu maafisa wa sherifu wasimamie vitu vyako vikitolewa nje. Tangu mwaka 2021 Louisville ina sheria inayozipa familia zenye watoto na kipato kidogo haki ya kuwa na wakili katika kesi hizi bila kulipa. Mama yule hakuijua, na hakuna aliyemwambia.

Sasa, kwa nini Kiingereza cha korti ni kigumu hivi? Mwaka 1066 Uingereza ilitekwa na watu kutoka Normandy, Ufaransa, na kwa miaka mingi Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya mahakama zake. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza. Mawakili, kwa kuogopa kukosea, walizoea kuandika neno la Kiingereza na la Kifaransa pamoja. Ndiyo maana utakuta "will and testament" au "goods and chattels". Usihangaike kutafuta tofauti. Ni jambo moja limesemwa mara mbili.

Hii ni habari njema kwa ninyi mliosoma shule Uvira au Bukavu. Baba anayesema hajui Kiingereza kabisa ataona "sovereignty" na "fidelity" na kuyatambua kabla ya mwanawe wa high school. Ila kuna mtego mmoja: "demand". Kwa Kifaransa ni kuomba tu, kwa Kiingereza ni kudai. Barua yenye neno hilo haikuombi kitu.

Kwenye mkataba wa nyumba, maneno mengi ya kale yanaanza na "here" au "there": "hereby", "herein", "thereof". Soma "here" kama "karatasi hii" na mengi yatafunguka. "Lessor" ni anayepangisha, "lessee" ni anayepangishwa. Angalia mwisho wa neno, kama kwenye "employer" na "employee": mwenye "ee" ndiye anayepokea. Na "quiet enjoyment"? Familia nyingi hudhani ni onyo kuhusu kelele, kwamba watoto wasicheze na muziki wa harusi usipigwe. Kumbe ni haki yako wewe. Maana yake ni kukaa kwenye nyumba uliyoilipia bila mwenye nyumba kukusumbua. Kelele zina kifungu chake kingine.

Neno "Commonwealth" nalo limesumbua wengi. Mzee mmoja aliyeishi Tanzania alipewa tiketi ya barabarani, akaona imeandikwa "Commonwealth" dhidi ya jina lake. Alikuja ofisini akiuliza Mfalme wa Uingereza amemkosea nini, kwa kuwa alizoea Jumuiya ya Madola ya kwenye redio. Hapa ni Kentucky yenyewe. Majimbo manne ya Marekani hujiita hivyo: Kentucky, Virginia, Pennsylvania na Massachusetts. Kwa ukale wa maneno jimbo letu halishindwi: hadi leo gavana anapoapishwa hutamka kwamba hajapigana na mtu pambano la wawili kwa silaha za kuua. Limo ndani ya katiba yao ya 1891.

Tuje kwenye uraia, maana hapa ndipo wazee wanapokosa usingizi. Afisa anaweza kukuuliza kama unaelewa kiapo, na maana ya neno fulani ndani yake. Sehemu kubwa ya maneno hayo imo kwenye sheria ya mwaka 1795. "Renounce" ni kuacha, "abjure" ni kukana kwa kiapo. Tena ni jambo moja mara mbili. "Allegiance" ni utii kwa nchi. "Prince" si kijana wa mfalme, ni mtawala yeyote, na "potentate" ni mtawala mwenye nguvu: sultani, mfalme, mwami. "Heretofore" ni "hadi leo". "Mental reservation" haihusiani na kuweka nafasi hotelini, ni kuficha jambo moyoni huku mdomo ukiapa.

"Bear arms" imewachekesha na kuwaliza watu. "Bear" ni mnyama dubu, "arms" ni mikono, na mama mmoja alimwambia afisa kwamba hana neno na wanyama. Hapa "bear" ni kubeba na "arms" ni silaha: sheria ikitaka, utabeba silaha kuitetea nchi. Kama imani yako inakukataza, sema mapema, kwa sababu sheria inaruhusu sehemu hiyo iondolewe.

Fomu pia inauliza kama una cheo cha kurithi. Kwa Mmarekani ni swali la kupita tu. Kwetu wapo ambao baba zao walikuwa bami. Kuwa mtoto wa mwami si kosa, lakini kama cheo umekirithi wewe, zungumza na wakili kabla ya kutia tiki.

Wazee huniuliza: je, nikisema "abjure" nimeikana nchi ya baba yangu? Hukani lugha, wala ndugu, wala makaburi. Unaacha utii wa kisiasa. Lakini nisiwafiche: sheria ya Kongo ya 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu tangu katiba ya 2010. Ongeeni nyumbani kabla ya siku ya kiapo, msingoje mfike mbele ya afisa.

Lugha yetu nayo ina ya kwake. Muulize kijana aliyezaliwa hapa maana ya "nalikuwa" au "liwali" anaposoma Biblia ya Union ya 1952 kanisani, uone atakavyokutazama.

Ukipata karatasi yenye "detainer", "summons" au "warrant", ipige picha pande zote mbili na uitume kwa mfanyakazi anayeshughulikia faili lako siku hiyo hiyo, hata usiku. Kisha baki nyumbani kwako.