MBOGA ZA MAJANI NA MOTO UFUKUTAO MWILINI



Mkaguzi afunguapo daftari la mauzo la chama cha wakulima wa mboga huko Lushoto, huona matenga ya kabichi, karoti na nyanya yaliyopelekwa Dar es Salaam, pamoja na bei na makato yake. Daftari hilo halina safu ya mboga zilizobaki nyumbani kwa mkulima, wala hakuna aidaiye. Walakini jambo hilo lina uzito, maana kisukari na shinikizo la damu si maradhi ya watu wa mijini peke yao, nayo humwondoa mwanachama shambani angali na nguvu.

Kwanza yafaa tuelewe mchochota ni nini. Mtu ajikatapo kwa panga, mahali pale huvimba, huwa pekundu na kuuma. Hiyo ni kazi njema ya askari wa mwili, nayo hukoma kidonda kikipona. Lakini upo mchochota mwingine, mdogo, usio na maumivu, unaofukuta mwaka hadi mwaka kama moto wa pumba. Mafuta yaliyojazana tumboni ni mojawapo ya vyanzo vyake. Hali hiyo ikidumu, chembe za mwili huanza kutoitii insulini, yaani ile homoni iamuruyo sukari itoke katika damu na kuingia ndani ya chembe. Kuta za mishipa nazo huharibika polepole.

Mboga zahusikaje? Mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu, hivyo hujilinda kwa dawa zake wenyewe. Uchungu wa mchunga na ukali wa figiri na mgagani ni silaha za namna hiyo. Mtu alapo majani hayo, baadhi ya dawa hizo huuamsha mwili wake uongeze kinga dhidi ya uharibifu, na nyingine, hasa zile za jamii ya flavonoidi, zimeonekana katika maabara kupunguza mchochota. Nyuzinyuzi za mboga nazo huwa chakula cha bakteria wa utumbo mpana, ambao hutengeneza asidi zinazotuliza mchochota.

Ushahidi upo kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, ambao ndizi, maharage na majani yao hayatofautiani sana na ya Usambara. Mwaka 2021 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 323 wenye afya: wakazi wa mjini walikuwa na dalili nyingi zaidi za mchochota, na wa vijijini walikuwa na flavonoidi nyingi zaidi katika damu, mojawapo ikiitwa apijenini. Mwaka 2025 yakatangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 77. Baadhi ya wanakijiji walipewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili, na baadhi ya watu wa mjini wakapewa chakula cha asili kwa muda huohuo. Kwa wale wa kwanza mchochota ulipanda; kwa wale wa pili ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata baada ya majuma manne. Tusitie chumvi: walikuwa vijana wa kiume, wachache, wenye afya, na chakula chote kilibadilishwa, si mboga tu.

Kwetu Tanga habari hii si ngeni. Mwaka 1979 Anne Fleuret alichapisha utafiti wake wa Lushoto juu ya majani ya porini, akaonyesha jinsi Washambaa walivyoyategemea kuwa kitoweo. Leo mnavu na mchunga huitwa mboga za maskini, na kwa maoni yangu jina hilo limetugharimu.

Hasara nyingine hutokea jikoni. Mchunga huchemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena mpaka usiwe na uchungu. Basi sehemu kubwa ya kile tulichokitafuta imekwenda na maji. Anayeweza kuustahimili uchungu kidogo auache. Magadi hulainisha majani upesi, lakini huharibu vitamini C na kuongeza sodiamu, ambayo haimfai mwenye shinikizo la damu. Kabichi na figiri zikatwe, ziachwe dakika chache kabla ya kuinjikwa, maana ile dawa kali huzaliwa jani likatwapo, na moto wa mapema huizuia. Mchicha unahitaji mafuta au tui kidogo ili karotini yake ifyonzwe.

Kisamvu ni kinyume cha hayo. Sumu yake ya sianidi haina faida yoyote mwilini. Kitwangwe vizuri na kuchemshwa chungu kikiwa wazi. Asitokee mtu akasema mkaguzi ameagiza kila kichungu kiliwe.

Tena, mboga haziondoi haja ya vidonge wala insulini. Mgonjwa atumiaye dawa ya warfarini asiongeze majani ghafla kabla ya kumwona daktari.

Makatibu wanaoandaa bajeti ya Mkutano Mkuu wanajua kuna fungu la chakula, ambalo aghalabu huishia katika soda, chipsi na maandazi. Fungu hilo laweza kununua ndizi, maharage na mchunga kutoka kwa wanachama wenyewe, na malipo yakaingizwa katika daftari lilelile la mauzo.