Mtoto ameshiba, lakini je, amelishwa vizuri?

Wazazi wengi hapa Nyarugusu hushangaa mtoto anapopimwa mkono na kuambiwa ana utapiamlo. Anakula kila siku, tumbo limejaa, shida iko wapi?

Mara nyingi shida iko kwenye sufuria. Ugali na uji wa mahindi matupu humpa mtoto nguvu, lakini havitoshi kujenga mwili wake wala kuukinga na magonjwa. Maharage ndiyo hujenga mwili, hasa yakiliwa pamoja na mahindi. Yaloweke usiku kucha ili yaive haraka na kuni zitoshe. Mafuta ya mgao nayo yameongezwa vitamini A. Tunajua baadhi ya familia huyauza ili kupata kuni au sabuni, na hatuwalaumu, lakini jitahidini kubakiza ya mtoto.

Panda lengalenga (mchicha) karibu na nyumba, hata kwenye gunia. Osha majani kabla ya kuyakata, kisha yapike kwa muda mfupi. Sombe ni tofauti: majani mabichi ya muhogo yana sumu, kwa hiyo yatwangwe na kuchemshwa hadi yaive kabisa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, madini ambayo huongeza damu. Mama mjamzito anywe chai saa moja au mbili baada ya kula. Nyanya mbichi, embe au limau pamoja na chakula husaidia.

Kwa mtoto mchanga, miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Baada ya hapo aanze uji, lakini uwe mzito. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi hulijaza maji. Changanya na ndagala waliosagwa na kijiko kidogo cha mafuta, na endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake ni chini ya sentimita 12.5 anahitaji matibabu ya lishe. Ukiwa chini ya 11.5, au miguu yote miwili imevimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri siku ya mgao.