Mtoto Anaharisha Saa Nane Usiku: Mgombane au Mkoroge ORS?

Kwenye kichen pati yangu nilifundishwa mengi. Kumpokea mume, kupika pilau, hadi namna ya kuongea na mawifi. Hakuna hata shangazi mmoja aliyenifundisha cha kufanya mtoto akiharisha usiku wa manane.

Mume wangu kazi yake iko mgodini Geita, mimi niko Dar. Desemba moja tulikutana nyumbani kwao, kijiji kimoja nje kidogo ya Kahama, tukiwa na binti yetu wa miezi 11. Siku ya tatu akaanza kuharisha. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimebadilisha nepi mara saba, na kutapika juu.

Nikachukua kikombe nimpe maji. Mume wangu akanishika mkono. "Mke wangu, mtoto anaharisha maji halafu unamwongezea maji? Si ndiyo unazidisha?"

Nikamjibu vibaya. "Wewe kila siku uko zamu, huyu mtoto unamjulia wapi?" Nikaona usoni imemwingia.

Mama mkwe akatoka chumbani. "Acheni kelele wanangu, anaota meno huyo, itakata yenyewe." Asubuhi jirani naye akaongeza yake: eti ni meno ya plastiki, kuna mzee anayang'oa. Mwili ulinisisimka. Tukapanda pikipiki, hao zahanati.

Muuguzi alibana ngozi ya tumbo kwa vidole, akaiachia. Ilirudi polepole. Utosi ulikuwa umebonyea, na mtoto analia bila machozi. Akatuambia, kinachomaliza mtoto ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini bila kurudishwa. Kikombe nilichozuiliwa usiku ndicho alichokihitaji, ila kiwe na ORS.

Tukakaa benchi saa nne tukimnywesha kijiko kimoja kimoja. Kikombe alishika baba yake. Mtoto alipokojoa, tuliangaliana tukacheka. Sijawahi kufurahia nepi iliyolowa namna ile.

Kwa nini ORS?

Sukari kidogo ikichanganywa na chumvi husaidia utumbo kunyonya chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1971 Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh kule India, kipindupindu kikiwa kimepamba moto. Akawapa watu mchanganyiko huo wa kunywa. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kati ya wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Hata hivyo, hadi leo kuharisha kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka 5 duniani kila mwaka.

Fanyeni hivi

• Koroga pakiti nzima ya ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiongeze sukari wala soda. Ikipita saa 24, mwaga.
• Kila anapoharisha, wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100. Mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, endelea taratibu.
• Hakuna ORS? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usikadirie kwa macho.
• Zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6. Usiache hata kuharisha kukikata.
• Endelea kunyonyesha na kumpa chakula. Dawa za kufunga tumbo si za mtoto, na antibayotiki ni mpaka mtaalamu aseme.
• Macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au damu kwenye choo? Hospitali sasa hivi!

Na kuota meno hakukaushi mtoto maji. Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno yake halisi yanayokuja. Kuyang'oa ni kumwachia kidonda na maambukizi.

Kinga inaanzia nyumbani

Maji ya Ziwa Victoria yalifika miji ya Kahama na Shinyanga mwaka 2009, lakini si kila kijiji wala kila kambi ya machimbo imeunganishwa. Kwenye maturubai ya wachimbaji wadogo, choo ni shida na maji ni ya kisima au dimbwi. Chemsha ya kunywa. Ila ya mwaloni yenye zebaki usiyaguse kabisa, maana kuchemsha kunaua vijidudu, zebaki inabaki palepale. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, ukimtawaza mtoto na kabla ya kumlisha. Chanjo ya rota nayo ipo tangu 2013, mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Msiikose.

Nyumbani kwetu pakiti mbili za ORS na zinki hukaa droo moja na vyeti vya ndoa. Mume wangu akienda zamu, begi lake nalo lina pakiti, kwa jirani yeyote atakayegonga usiku. Lile neno nililomtupia nilishamwomba radhi.

Je, droo yenu ina nini? Kaangalieni leo, wote wawili.