Nairuzi Kwenye Barabara ya Kitale

Anayetafuta Uajemi katika Afrika Mashariki huelekezwa pwani, kwenye nasaba za Washirazi, wanaodai asili ya Shiraz, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Afadhali apande bara, ashike barabara ya Eldoret kwenda Kitale hadi Matunda Soy, ambako Wabaha'i, wafuasi wa dini iliyozaliwa Uajemi, walifungua Nyumba ya Ibada Mei 2021, jengo la pande tisa lililobuniwa kwa kukumbuka nyumba za msonge za wenyeji. Hakuna ukoo wa Kiajemi hapo. Kuna desturi, na ninavyoona mimi, desturi imeuhifadhi Uajemi kuliko damu.

Chukua kalenda. Mwaka wa Wabaha'i una miezi 19 ya siku 19, pamoja na siku chache za nyongeza, na kila siku huanza jua linapotua. Mwezi wa mwisho ni wa kufunga, kisha huja Nairuzi, siku ya mwaka mpya, Machi 20 au 21, jua linapovuka ikweta. Tangu 2015 Wabaha'i wa dunia nzima huikadiria siku hiyo kwa saa za Tehran. Kwa hiyo mkulima wa mahindi anayetayarisha shamba na kungoja mvua za masika hupokea mwaka mpya kwa hesabu ya jua la Uajemi, ingawa hapa karibu na ikweta hakuna majira ya kuchipua yanayosherehekewa kule. Pwani ni kinyume: mwaka wa siku 365 usiorekebishwa ulisogea karne baada ya karne, na leo Mwaka Kogwa huogwa Julai. Jina la Shiraz lilibaki, hesabu ikapotea.

Atakayepinga atauliza: Uajemi gani huo, ikiwa waumini hawasomi Kiajemi? Kweli, Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini hii na mzaliwa wa Tehran wa 1817, aliandika kwa Kiarabu na Kiajemi, kwa hati inayoongeza herufi nne juu ya zile za Kiarabu ili kupata sauti kama p, ch na g. Muumini wa Matunda hana haja nazo. Hata majina matakatifu huyaona kwa herufi za Kirumi zenye alama juu ya irabu, utaratibu aliouweka Shoghi Effendi, aliyeiongoza dini hii, mwaka 1923. Lakini dini hii haina makasisi wala mashehe, na sala husaliwa kwa lugha yoyote, basi ujuzi wa hati haumpi mtu cheo. Mtoto wa chuoni Lamu huanza na herufi. Wa hapa huanza na maana, kwa Kiswahili.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa waumini wenyewe: dini yao ni ya walimwengu wote, si ya taifa moja, na majina ya miezi yao ni ya Kiarabu. Nakubali. Musa Banani, Mwajemi, alifika Kampala na familia yake mwaka 1951, lakini wenyeji kama Enoch Olinga wa Uganda ndio walioieneza dini hiyo mbali. Hata hivyo, Báb, mtangulizi wa Bahá'u'lláh, alizaliwa Shiraz mwaka 1819. Mji uleule ambako watu wa pwani walitafuta babu, hapa Matunda unaheshimiwa na watu wasiodai babu yeyote huko, na katika Karamu ya Siku Kumi na Tisa, mkutano wao wa kila mwezi, baada ya sala na mashauriano, wanachoandaliwa ni chakula cha nyumba ya mwenyeji wao, si lazima pilau.