Je, Wajua? Seli za Kinga Huweza Kufifisha Joto la Mwili

Mafuta ya mwilini si akiba tu. Yapo mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake ni kuunguzwa ili mwili upate joto. Mtoto mchanga, ambaye bado hawezi kutetemeka vizuri kwa baridi, huyategemea sana. Kwake hujikusanya mgongoni katikati ya mabega na shingoni. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba hata watu wazima wengi wanayo.

Baridi inapoingia, ubongo hutuma amri kupitia neva, na ncha za neva hutoa kemikali iitwayo noradrenalini. Hiyo ndiyo huziamsha seli za mafuta.

Linaloshangaza ni hili: mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Ana Domingos, nchini Ureno, walikuta kwa panya kwamba makrofaji, seli za kinga tunazozijua kwa kumeza vijidudu, zimejibanza kwenye neva hizo. Zilikuwa zikifyonza noradrenalini na kuivunjavunja, na amri ya joto ikafifia. Panya wanene walikuwa nazo nyingi zaidi. Zilipoondolewa uwezo huo wa kufyonza, panya waliunguza mafuta zaidi na kupungua uzito.

Lakini kinga haizimi joto tu. Mwaka 2020 ilionekana, pia kwa panya, kuwa aina fulani ya seli T, ambazo nazo ni seli za kinga, huchochea neva kuota na kusambaa ndani ya mafuta. Haya bado hayajazaa dawa ya binadamu, kwa hiyo anayekuuzia vidonge kwa jina la ugunduzi huu, mkatalie.